Umepata kazi mpya? Panga chakula cha wiki kabla mshahara wa kwanza haujafika

Kila mwaka vijana wa huku Nyanda za Juu Kusini hupanda basi kwenda kuanza kazi. Wapo wanaoenda kwenye viwanda vya mbao Mafinga, wanaoingia kwenye mashamba ya chai Mufindi na Njombe, na wanaouza maduka Makambako na Tunduma. Wapo pia walimu, wauguzi na maafisa ugani wanaopangiwa vijiji ambavyo hawajawahi kuvisikia. Nyumbani watu hushangilia. Kazi ni kazi.

Lakini mara nyingi, wiki chache baadaye, mzazi hupigiwa simu. "Mama, nitumie kidogo, mshahara bado." Mzazi anashangaa. Mtoto si ameajiriwa? Mbona anaomba hela ya kula?

Katika kipindi chetu tumelizungumzia jambo hili mara kadhaa, na leo tunaliandika ili ulisome taratibu kwenye simu yako na kumtumia anayelihitaji. Swali ni hili: mtu aliyeanza kazi mpya, anayeishi chumba kimoja, hana friji, anatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 1 usiku amechoka, atakulaje chakula cha kupika mwenyewe kwa wiki nzima bila kuishiwa fedha na bila kuugua tumbo?

Jibu letu ni fupi: uamuzi wa chakula ufanywe mara moja kwa wiki, siku ya gulio, mchana, ukiwa umeshiba na akili imetulia. Uamuzi wa saa 1 usiku, njaa ikiuma na jiko likiwa halijawashwa, ndio unaomaliza fedha. Hapo ndipo mtu hununua chipsi, hukopa dukani, au hulala na chai na mkate.

Kwa nini miezi ya kwanza ndiyo migumu

Kuna sababu nne, na hakuna hata moja inayotokana na uvivu.

Ya kwanza ni mshahara. Mfanyakazi mpya hufanya kazi kwanza ndipo alipwe. Ukianza katikati ya mwezi, au taarifa zako zikichelewa kuingizwa kwenye orodha ya malipo, unaweza kukaa wiki nyingi bila kushika fedha. Wanaostahili fedha za kujikimu nao hawapaswi kuzihesabu kabla hazijafika mkononi.

Ya pili ni vyombo. Chumba kipya kinataka godoro, ndoo, jiko, sufuria, na mara nyingi kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Chakula hubaki kuwa cha mwisho kwenye hesabu.

Ya tatu ni uchovu. Kazi mpya huchosha kuliko kazi uliyoizoea. Unajifunza majina ya watu, njia, taratibu na matarajio ya bosi. Ukifika nyumbani, mwili unataka kulala tu.

Ya nne ni ugeni. Hujui soko la mtaa huo, hujui nani anauza unga safi, hujui siku ya gulio. Mgeni hununua kwa bei ya mgeni.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ukifika halihusu kupika. Muulize mwenye nyumba, jirani au mfanyakazi mwenzako maswali matatu: gulio ni siku gani, unga na maharage mazuri yanauzwa kwa nani, na mkaa au gesi inapatikana wapi. Majibu hayo matatu yatakuokolea fedha kuliko ujuzi wowote wa mapishi.

Tupige hesabu kidogo

Mama ntilie si adui. Amewalisha wafanyakazi wengi nchi hii, na sahani yake mara nyingi ni nzuri kuliko chakula cha mtu aliyechoka. Shida ipo kwenye kumtegemea milo yote, siku zote.

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kukokotolea tu, weka za mtaa wako. Tuseme chai na maandazi asubuhi ni shilingi 1,000, sahani ya mchana 2,500 na ya jioni 2,500. Hiyo ni 6,000 kwa siku, na kwa wiki 42,000.

Sasa tuseme mtu huyohuyo ananunua vitu vya wiki:

- Unga kilo 2: 3,000
- Mchele kilo 1: 2,500
- Maharage nusu kilo: 1,500
- Mahindi ya makande nusu kilo: 500
- Viazi mviringo na viazi vitamu: 3,000
- Usipa mkavu: 2,500
- Mboga, nyanya, vitunguu na matunda: 5,000
- Mayai matano: 2,000
- Mafuta ya kula: 1,500
- Karanga: 1,000
- Sukari, majani ya chai na chumvi: 1,500
- Mkaa au gesi: 4,000

Jumla ni 28,000. Ongeza sahani mbili za mama ntilie, 5,000, na inakuwa 33,000. Amebakiza 9,000 kwa wiki, yaani 36,000 kwa wiki nne. Kama unga, mahindi na maharage vimetoka nyumbani, anabakiza 14,000 kwa wiki, na kwa wiki nne ni 56,000. Kwa mtu anayesubiri mshahara wa kwanza, hiyo inaweza kuwa nauli ya kwenda kazini, au tofauti kati ya kukopa na kutokopa.

Utaona kwamba tofauti kwa siku moja ni ndogo. Ndiyo maana watu wengi hawaioni. Akiba ya chakula huonekana mwisho wa mwezi, si mwisho wa siku.

Kiasi gani kinamtosha mtu mmoja

Wengi hununua kwa kukisia. Hiki ni kipimo cha kuanzia kwa mtu mzima anayefanya kazi, halafu utakirekebisha kulingana na tumbo lako.

Kilo moja ya unga hutoa ugali wa milo minne hadi mitano. Kilo moja ya mchele hutoa sahani tano au zaidi kidogo. Maharage makavu, gramu 80 hadi 100, hutosha mlo mmoja. Yakiiva uzito wake huongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo robo kilo ya maharage makavu ni karibu milo mitatu.

Ukinunua kwa sado au debe, ni nafuu kuliko kwa kilo moja moja, lakini nunua hivyo pale tu unapokuwa na mahali pakavu pa kuhifadhi. Kwa mtu wa chumba kimoja, ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana inatosha. Iweke juu ya ubao au tofali, isiguse sakafu ya saruji inayotoa unyevu.

Nunua kwa kufuata kinachoharibika kwanza

Hii ni kanuni inayosahaulika. Mpango wa wiki huanza na swali "kipi kitaoza kwanza?" kabla ya "leo natamani nini?"

Siku mbili za mwanzo baada ya gulio kula mboga laini: mchicha, matembele, majani ya maboga, figiri. Hizi hunyauka haraka. Katikati ya wiki kula nyanya, karoti na bamia. Mwisho wa wiki kula kabichi, vitunguu na mboga zilizokaushwa. Kabichi isiyokatwa hukaa wiki nzima bila shida, hasa kwenye baridi yetu.

Nyanya chagua za aina mbili: chache zilizoiva kabisa, na nyingine ambazo bado ngumu zitakazoiva Jumatano. Parachichi vivyo hivyo, chukua moja laini na mawili magumu. Nyama na samaki wabichi, kama huna friji, nunua cha kupika siku hiyohiyo tu. Usipa mkavu wa Ziwa Nyasa, karanga, maharage na mayai ndio nguzo ya mtu asiye na friji, kwa sababu havitaki umeme.

Katika mpango wako, kila mlo mkubwa uwe na vitu vitatu: cha kutia nguvu kama ugali, wali, viazi au ndizi; cha kujenga mwili kama maharage, usipa, mayai, karanga au nyama; na mboga. Ongeza tunda walau mara moja kwa siku. Chungwa, ndimu au papai likiliwa pamoja na maharage au mboga za majani husaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai hufanya kinyume, hivyo ni vizuri isinywewe pamoja na chakula, inywewe saa moja kabla au baada.

Mfano wa wiki moja

Tumechukulia kwamba gulio ni Jumamosi, mtu anaishi peke yake na hana friji. Kama gulio lako ni Jumatano, sogeza siku.

Jumamosi. Soko. Mchana wali na mboga laini. Jioni ugali, usipa na mchicha. Kabla ya kulala, chambua maharage robo kilo, yaoshe na uyaloweke.

Jumapili. Chemsha maharage. Mchana wali na maharage. Jioni ugali, maharage na mboga. Alasiri tumia saa moja kuandaa wiki: chambua usipa, kaanga na utwange karanga, panga mboga, pasua kuni au jaza mkaa kwenye ndoo.

Jumatatu. Asubuhi uji wa unga wenye karanga. Mchana ugali na maharage yaliyobaki, yaliyochemshwa upya asubuhi na kubebwa yakiwa ya moto kwenye hotpoti. Jioni ugali, usipa na mboga.

Jumanne. Asubuhi viazi vitamu vya kuchemsha na chai. Mchana kwa mama ntilie. Jioni viazi mviringo na mayai mawili, na nyanya.

Jumatano. Asubuhi kabla ya kutoka, loweka vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa na kikombe kimoja cha maharage, kila kimoja kwenye chombo chake. Mchana wali uliopikwa asubuhi hiyo, na yai na karoti. Jioni pika makande.

Alhamisi. Asubuhi na mchana makande yaliyochemshwa upya. Jioni ugali, mayai mawili na kabichi.

Ijumaa. Asubuhi uji. Mchana kwa mama ntilie. Jioni wali na mchuzi wa karanga, pamoja na mboga yoyote iliyobaki. Hii ndiyo siku ya kumaliza kapu, ili Jumamosi uende sokoni ukijua nini kimekwisha kweli.

Hesabu siku ulizowasha jiko kwa muda mrefu: ni mbili tu, Jumapili na Jumatano. Siku nyingine mlo wa jioni unaiva ndani ya nusu saa hivi. Ndiyo siri ya mpango mzima. Vyakula vinavyochukua muda vimewekwa siku ambazo una muda au vimelowekwa ukiwa kazini, na siku za uchovu mkubwa zimepewa vyakula vyepesi.

Tena tumeacha siku mbili za mama ntilie kwa makusudi. Mfanyakazi mpya anahitaji kukaa na wenzake. Mengi ya kazini, kama nani wa kumwona kuhusu malipo au taratibu za likizo, husikika mezani. Ukijifungia na hotpoti yako siku zote sita, utaokoa shilingi na kupoteza watu.

Maharage ya huku hayaivi haraka, na kuna sababu

Wanaotoka Pwani au Morogoro kuja kufanya kazi Njombe, Makete au Mufindi hulalamika kwamba maharage ya huku "ni magumu". Mara nyingi si maharage. Ni mwinuko.

Kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi joto 100. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, ambao ndio wa sehemu nyingi za Njombe na Mufindi, huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Hata ukichochea moto vipi, maji hayo hayazidi hapo, yatakauka tu haraka. Kwa hiyo chakula kinachotegemea kuchemshwa huchukua muda mrefu zaidi, na mkaa huteketea.

Dawa zake ni tatu. Kwanza, loweka usiku mzima, kisha mwaga maji hayo na utumie mapya. Pili, ukiweza, nunua sufuria ya presha. Hufungia mvuke ndani na kupandisha joto la maji, na maharage huiva kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida. Wafanyakazi wawili au watatu wa nyumba moja wanaweza kuchangia moja. Tatu, tumia kapu la joto: chukua kapu au boksi, lijaze matambara, blanketi kuukuu au nyasi kavu, weka sufuria yenye mfuniko ikiwa inachemka, halafu ifunike kabisa. Chakula huendelea kuiva bila moto kwa saa kadhaa. Kabla ya kuweka maharage kapuni, yachemshe kwa nguvu nusu saa, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoondolewa na mchemko mkali. Ukiyatoa kapuni, yachemshe tena ndipo ule.

Kuhusu nishati, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa mtu anayeanza maisha, mtungi wa gesi wa kilo 6 ni mzuri kwa vyakula vya haraka vya jioni, lakini ukiutumia kuchemshia maharage yasiyolowekwa utaisha kabla ya wakati. Kama unatumia mkaa, usiwashe jiko ndani ya chumba kilichofungwa madirisha kwa kuogopa baridi. Moshi usioonekana wa mkaa huua mtu akiwa usingizini. Pikia nje au kwenye baraza, na usilale na jiko lenye makaa ndani.

Kiporo: kipi ni salama

Kiporo ni chakula chetu cha asubuhi tangu utotoni. Lakini mtu aliye peke yake, asiye na friji, lazima ajue mipaka yake. Kuharisha wiki ya pili ya kazi si jambo dogo. Unapoteza siku, unapoteza fedha ya dawa, na bosi bado hajakufahamu.

Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa mbili. Kiwekwe kwenye baridi ya friji, au kibaki cha moto kabisa kinachotoa mvuke. Vijidudu huzaliana kwa kasi pale chakula kinapokuwa vuguvugu. Baridi ya Juni na Julai ya huku kwetu hupunguza kasi hiyo, lakini chumba chenye watu na jiko si friji.

Kwa asiye na friji, hatari hupunguzwa hivi. Hifadhi maharage au makande ya kuchemsha tu, kabla hujayaunga kwa nyanya, kitunguu au tui. Unga kile unachokula sasa. Kinachobaki kifunike vizuri, usikichote kwa kijiko ulichotia mdomoni, na kichemshe mpaka kitokote vizuri usiku kabla ya kulala na tena asubuhi. Kisivuke siku moja. Kikitoa povu, harufu ya uchachu au utelezi, mwaga. Chakula cha shilingi 1,000 hakilingani na gharama ya zahanati.

Wali ni kesi ya peke yake. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na wali ukikaa vuguvugu hutengeneza sumu ambayo haiondoki hata ukipasha moto. Kwa hiyo wali pika wa kula siku hiyo. Ukiubeba kazini, upike asubuhi, uingie kwenye hotpoti ukiwa wa moto sana, na uliwe mchana uleule.

Kwa watoto wadogo, wajawazito, wazee na wagonjwa, tunashauri chakula kilichopikwa muda huohuo. Kuchemsha upya hupunguza hatari, hakuiondoi yote.

Kwa wazazi: kapu la kumpelekea mtoto kazini

Wasikilizaji wetu wengi ni wakulima, na msaada wenu si lazima uwe wa kutuma fedha kwenye simu. Mara nyingi debe la mahindi na sado mbili za maharage zina thamani kuliko shilingi mnazotafuta kwa shida. Mnaweza pia kutuma karanga, mboga za kukausha na viazi.

Lakini tuma kitu kikavu na safi. Mahindi yaliyokauka vizuri ukiyauma punje hukatika kwa mlio. Ikibonyea, bado yana maji, na yakifungwa kwenye mfuko ndani ya basi yataota ukungu. Ukungu wa aina fulani hutoa sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haiondolewi kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyochafuka. Kwa hiyo kaeni chini mchambue. Punje zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zenye ukungu zitupwe. Msimpe kuku wala ng'ombe. Karanga vivyo hivyo, zilizosinyaa na zenye uchungu ziondoeni.

Kama mtoto amefikia kwa ndugu, mtumieni hicho kidogo akifika nacho mkononi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana anayeingia kwa shangazi na sado ya maharage, na anayeamka Jumapili kuyachagua na kuyapika, hukaa kwa heshima mpaka mshahara utoke. Anayekula tu huanza kuhesabiwa siku.

Kama mwenye kazi mpya ni mama au baba wa familia

Hali ni tofauti pale mzazi mwenye watoto anapoanza kazi. Hapo swali la kwanza ni nani anafika nyumbani kwanza. Huyo ndiye awashe jiko, awe baba, awe mama, awe kijana mkubwa. Mpango uandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani ili kila mtu ajue leo kunapikwa nini na maharage yanalowekwa na nani. Karatasi huondoa ugomvi wa "nilidhani wewe ndiye".

Wanaofanya zamu za usiku, kama walinzi na wauguzi, wale mlo mkubwa kabla ya kuingia zamu, wabebe kitu chepesi cha katikati ya usiku, na wasitegemee soda na biskuti. Wakirudi asubuhi, uji wenye karanga unatosha kabla ya kulala.

Haki yako ya kula mchana

Kuna wafanyakazi wapya wanaobeba chakula na kurudi nacho jioni kwa sababu hawakupewa nafasi ya kula. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo haki ya mapumziko ya angalau dakika 60. Usianze kwa kugombana. Muulize msimamizi wako kwa heshima siku ya kwanza au ya pili: "Samahani kiongozi, muda wa chakula ni saa ngapi, na wafanyakazi hulia wapi?" Ukishajua, ndipo unajua kama utahitaji hotpoti au sahani tu.

Anza na kidogo

Usijaribu kutekeleza yote wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza loweka maharage Jumamosi usiku, basi. Wiki ya pili ongeza makande ya Jumatano. Wiki ya tatu andika orodha kabla ya kwenda gulioni na usinunue kisichomo. Kufikia mwezi wa pili utakuwa unapanga wiki yako kichwani ukiwa njiani kutoka kazini.

Na kama tayari umeanza kukopa dukani, andika deni lote kwenye karatasi, nenda kwa mwenye duka mwenyewe kabla hajakutafuta, mwambie utalipa kiasi gani kila wiki kutokana na fedha unayobakiza kwenye chakula. Mwenye duka anayeona mgeni wa mtaa akilipa kidogo kidogo bila kufuatwa, humhesabu kuwa mtu wa mtaa.

Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hicho ni kipimo cha nafaka, na wahenga hawakukichagua bure. Jumamosi hii gulio lipo. Chukua karatasi, andika siku saba, na uanze kwa kuuliza kipi kitaoza kwanza.